Kanisa Linalofika Baada ya Hukumu

Katika mahakama za familia za California, mke aliyeachwa haruhusiwi kuthibitisha kwamba hakustahili kuachwa. Sheria ya jimbo hilo inakataza kupokea ushahidi wa mwenendo mbaya wa mume au mke kwenye shauri la talaka, isipokuwa katika mambo machache iliyoyataja yenyewe. Awe na barua, awe na mashahidi, awe na miaka 20 ya kulea watoto na kumuuguza mama mkwe, jaji hana mahali pa kuyaweka hayo. Anayetaka kuondoka anachukua fomu, anaweka alama kwenye kisanduku cha "tofauti zisizopatanishika", analipa ada, na mwenzake anapelekewa nakala. Miezi 6 ikipita tangu nakala ipokewe, ndoa inaweza kuvunjwa. Jaji akiona bado kuna tumaini la kupatana anaweza kuahirisha shauri, lakini si kwa zaidi ya siku 30. Na mwenzake akisimama kusema hataki talaka, kwamba bado anampenda na yuko tayari kusamehe, maneno yake hayana nguvu ya kuzuia chochote.

Sheria hiyo ilitiwa saini na gavana Ronald Reagan mwezi Septemba 1969, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1970. Nia ya walioiandaa haikuwa mbaya, na ni haki kulisema hilo. Chini ya sheria ya zamani, mume na mke waliokubaliana kuachana walilazimika kutunga kosa: mmoja anakula kiapo kwamba alipigwa makofi, mwingine ananyamaza, na jaji anajua kuwa anadanganywa. Mwaka 1966 gavana aliyemtangulia Reagan, Pat Brown, aliunda tume ya kuchunguza hali ya familia. Tume hiyo ilipendekeza mambo mawili yaliyokwenda pamoja: kosa lisiwe tena msingi wa talaka, na iundwe mahakama maalumu ya familia yenye washauri wa kukaa na wanandoa kabla hakimu hajagusa kalamu. Wabunge walilichukua la kwanza, la pili wakaliacha. Katika miaka 15 iliyofuata karibu majimbo yote ya Marekani yaliifuata njia hiyo kwa namna moja au nyingine. New York ilikuja mwisho kabisa, mwaka 2010.

Mwaka 1960 Marekani ilikuwa na talaka kama 2.2 kwa kila watu 1,000. Mwaka 1980 zilifika 5.2. Kupanda huko kulianza kabla ya sheria ya Reagan, kwa hiyo si kweli kwamba fomu ya California ndiyo iliyozaa kila talaka. Sheria ilifanya jambo jingine, na kwa maoni yangu zito zaidi. Ilibadili upande ambao serikali inasimama. Mfanyabiashara aliyepanga duka Kariakoo kwa miaka 5 akifukuzwa kabla ya muda, mahakama itauliza ni nani aliyevunja mkataba, na aliyevunja atalipa. Katika ndoa, mkataba wa maisha yote ulioapwa mbele ya watu, anayevunja ndiye anayepewa nguvu ya dola kumtimizia haja yake, na anayeshika neno lake ndiye anayeamriwa kuhama nyumba, kugawa mali na kuonana na wanawe kwa ratiba.

Wakatoliki wengi wa Marekani wameyasema haya kwa muda mrefu, na wameyasema vizuri. Lakini lawama yao kwa serikali imekuwa rahisi kupita kiasi, kwa sababu inaficha swali linalowahusu wao wenyewe. Kanisa lilikuwa wapi siku fomu ile ilipojazwa? Si kwamba halikuwa na sheria. Maaskofu wa Marekani walipokutana Baltimore mwaka 1884, katika Mtaguso wa tatu wa mji huo, waliwakataza waamini kwenda mahakama ya serikali kutafuta hata utengano tu bila kwanza kuushauri uongozi wa Kanisa. Mtaguso huohuo uliweka adhabu ya kutengwa na Kanisa kwa aliyepata talaka ya serikali na kujaribu kufunga ndoa nyingine. Adhabu hiyo iliondolewa mwaka 1977 na Papa Paulo VI kwa ombi la maaskofu wenyewe, na sidhani kuna haja ya kuililia. Ile amri ya kwanza ndiyo iliyokuwa na uhai, nayo haikufutwa. Bado imo, kwa sura nyingine, katika Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983: kanuni za 1151 hadi 1155 zinaeleza kwamba wanandoa wana wajibu na haki ya kuishi pamoja, zinataja sababu halali za kutengana, na kanuni ya 1692 inampa askofu kazi ya kuamua juu ya utengano huo. Pale ambapo uamuzi wake hautambuliwi na serikali, ni yeye anayeweza kutoa ruhusa ya kwenda mahakama ya kiraia.

Muulize leo Mkatoliki wa Ohio au Texas aliyepitia talaka kama aliwahi kuomba ruhusa hiyo. Atashangaa kusikia kwamba ipo. Hakuna askofu aliyesimama mimbarini kuifuta. Ilikufa kwa kutotumika, taratibu, paroko mmoja baada ya mwingine akimwambia muumini anayelia ofisini kwake kwamba mambo ya talaka ni ya wanasheria, na kwamba serikali ikishamaliza arudi waone kama ndoa inaweza kutangazwa batili.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha anguko lenyewe, kwenye huo mpangilio wa milango miwili. Karibu kila mahakama ya Kanisa nchini Marekani haipokei ombi la ubatili mpaka mwombaji alete hukumu ya talaka iliyokamilika. Sababu za utaratibu huo zinaeleweka: Kanisa halitaki kuonekana linavunja nyumba ambayo bado imesimama, wala kugombana na mamlaka ya nchi. Lakini matokeo yake ni kwamba serikali huamua kwanza ni nani atakaa wapi, watoto watalala kwa nani, nyumba itauzwa au la. Na Kanisa huja baadaye, kwenye majivu, kuuliza swali moja la kihistoria: je, siku ya harusi kulikuwa na ndoa? Swali hilo ni halali. Kuna ndoa ambazo kweli hazikuwahi kuwapo, mtu alilazimishwa na baba yake au alificha kwamba hataki watoto kabisa. Ila kati ya mlango wa kwanza na wa pili hakuna mahali ambapo mtu yeyote mwenye mamlaka anamuuliza aliyeondoka: una haki gani ya kuondoka? Serikali imejikataza kuuliza. Kanisa lina sheria ya kuuliza, na haliulizi.

Swali lilipoachwa hivyo bila mwenyewe, shinikizo lote lilihamia mlango wa pili. Mwaka 1968 Marekani nzima ilitoa hukumu 338 za ubatili wa ndoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilipita 60,000 kwa mwaka. Wakatoliki wa Marekani ni kama asilimia 6 ya Wakatoliki wote duniani, lakini kwa miaka mingi nchi hiyo peke yake ilitoa zaidi ya nusu ya hukumu zote za aina hiyo. Utaratibu ulilegezwa mwaka 1970, Roma ilipoikubalia Marekani kanuni zake maalumu: jaji mmoja aliweza kutosha, na rufani ya lazima iliweza kusamehewa. Kisha ikaja kanuni ya 1095 ya mwaka 1983, inayosema kwamba mtu hawezi kufunga ndoa ikiwa ana upungufu mkubwa wa kupambanua wajibu wa ndoa au, kwa sababu za kisaikolojia, hawezi kuubeba. Ilikusudiwa kwa hali nzito. Mikononi mwa mahakama nyingi za Marekani ikawa mlango mpana. Hojaji za mahakama ziliuliza juu ya utoto wa mtu, ulevi wa baba yake, ugomvi wa uchumba; na nani kati yetu aliyefunga ndoa akiwa na miaka 23 anaweza kuapa kwamba alikuwa amepevuka?

Papa Yohane Paulo II aliliona hilo. Katika hotuba yake kwa majaji wa Rota ya Roma, mahakama ya rufani ya Kanisa, mwaka 1987, na tena mwaka 1988, alitofautisha kutoweza na kupata shida: kutoweza ndiko kunakobatilisha ndoa, shida hazibatilishi. Alisisitiza pia kwamba mtetezi wa kifungo cha ndoa, yule afisa ambaye Papa Benedikto XIV alimweka kwenye kila shauri mwaka 1741, hapaswi kuwa pambo. Profesa wa sosholojia wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Robert Vasoli, ambaye ndoa yake ilitangazwa batili Marekani kisha Rota ikaupindua uamuzi huo, aliandika mwaka 1998 kitabu kizima juu ya mgogoro huu. Maonyo ya Papa yalisomwa, yakanukuliwa, na hukumu zikaendelea kutoka kwa makumi ya maelfu.

Kesi moja inayojulikana na wote inaonyesha jinsi mlango huo unavyomwangukia mtu. Sheila Rauch alifunga ndoa mwaka 1979 na Joseph Kennedy, mbunge wa Massachusetts wa baadaye na mtoto wa Robert Kennedy. Walizaa watoto mapacha. Waliachana kisheria mwaka 1991, naye Joseph akafunga ndoa nyingine ya serikali mwaka 1993. Pia aliiomba mahakama ya Kanisa ya Boston itangaze kwamba ile ya kwanza haikuwa ndoa, kwa hoja ya upungufu wa kupambanua. Sheila hakuwa Mkatoliki. Alikuwa wa Kanisa la Episkopali. Hakuomba mume wake arudishwe, wala hakupinga talaka kwamba ilitokea. Alichokataa ni kuambiwa, baada ya zaidi ya miaka 10 ya ndoa na watoto wawili, kwamba hapakuwahi kuwa na ndoa. Boston ikaamua dhidi yake. Alikata rufani Roma, akaandika kitabu mwaka 1997, na akasubiri. Rota iliupindua uamuzi wa Boston mwaka 2005, na habari hiyo ilijulikana hadharani mwaka 2007.

Inatia uchungu kwamba mwanamke asiye Mkatoliki alilazimika kulifundisha Kanisa katekisimu yake lenyewe. Yeye alikuwa na elimu, jina na uwezo wa kufika Roma. Fikiria mke wa fundi bomba wa Cleveland anayepokea barua ya mahakama ya Kanisa yenye maneno ya Kilatini, akiwa na kazi mbili na kesi ya matunzo ya watoto bado haijaisha. Ataijaza ile hojaji saa ngapi? Wengi huacha kujibu, na mahakama huendelea bila wao.

Wanaofanya kazi kwenye mahakama hizo wana majibu, na si ya kupuuzwa. Wanasema Marekani ina hukumu nyingi kwa sababu ina mahakama zinazofanya kazi, zenye watumishi waliosomea sheria, wakati majimbo mengi Katoliki duniani hayana hata jaji mmoja wa kudumu. Wanasema pia kwamba mapadre kwao huketi na watu waliovunjika, ambao wanataka kurudi kwenye sakramenti na hawana njia nyingine. Yote mawili ni kweli. Huruma hiyo ni ya kweli. Ninachouliza ni kwa nini huruma yote ipangwe upande wa anayetaka kuanza upya, na aliyebaki kwenye kiapo chake apewe kipeperushi cha kikundi cha ushauri nasaha.

Mwaka 2015 Papa Fransisko alifanya mageuzi makubwa kwa hati yake Mitis Iudex, yaliyoanza kutumika tarehe 8 Desemba mwaka huo. Alitaka maskini wasizuiwe na gharama wala ucheleweshaji, akaondoa sharti la hukumu ya pili na kuweka njia fupi mbele ya askofu. Mjadala ulijaa hayo mawili. Kuna badiliko dogo ambalo halikupigiwa kelele, na mimi ndilo linalonisumbua. Kabla ya mageuzi, kanuni ya 1676 ilimtaka jaji, kabla ya kupokea shauri, atumie njia za kichungaji kuwashawishi wanandoa, ikiwezekana, waihalalishe ndoa yao na warudiane. Kanuni ya 1675 ya sasa inamtaka tu ajiridhishe kwamba ndoa imeshindikana kabisa na kuishi pamoja hakuwezi kurejeshwa. Kwa maneno mengine, jaji wa Kanisa sasa anaanza pale pale anapoishia jaji wa California. Na namna rahisi kuliko zote ya kujiridhisha ni kuipokea hukumu ya talaka iliyomo kwenye faili.

Sasa niseme la wanawake wanaopigwa, kwa sababu kila anayetetea ndoa bila kulisema hilo hastahili kusikilizwa. Wachumi Betsey Stevenson na Justin Wolfers walichapisha mwaka 2006 utafiti ulioonyesha kwamba katika majimbo ya Marekani yaliyoruhusu talaka ya upande mmoja, wanawake waliojiua walipungua kwa asilimia 8 hadi 16, na ukatili wa majumbani ulipungua kwa karibu asilimia 30. Takwimu hizo haziondolewi kwa kunukuu Maandiko. Zinaonyesha kwamba mlango wa kutokea uliokoa maisha. Lakini Kanisa nalo lina mlango huo. Kanuni ya 1153 inamruhusu anayehatarishiwa mwili au roho, yeye au watoto wake, kuondoka, na kama kuchelewa ni hatari anaondoka kwa uamuzi wake mwenyewe bila kusubiri idhini ya mtu. Katekisimu, katika namba 2383, inakubali hata talaka ya kiraia ivumiliwe ikiwa ndiyo njia pekee ya kulinda haki fulani, watoto au urithi. Mwanamke mwenye jicho lililovimba hakuhitaji sheria isiyouliza kosa. Alihitaji mtu aulize kosa, alione, aliandike na kumpa ulinzi. Sheria ya California inamweka kwenye fomu moja na mwanamume aliyechoka tu na mkewe, na kuwaita wote wawili "tofauti zisizopatanishika".

Na walio kama huyo wa pili ni wengi. Watafiti Paul Amato na Alan Booth, waliozifuatilia familia za Marekani kwa miaka mingi, waliandika mwaka 1997 kwamba chini ya theluthi ya talaka za wazazi zilizimaliza ndoa zenye ugomvi mkali. Zilizobaki zilikuwa ndoa za kawaida, zenye uchovu na manung'uniko, ambazo watoto hawakuziona kuwa zimekufa. Watoto wa nyumba hizo ndio walioumia zaidi. Wa nyumba za vurugu walipata nafuu. Hawa wengine waliamka asubuhi moja wakakuta meza ina kiti kimoja pungufu na hakuna aliyeweza kuwapa sababu.

Kuna wanaofarijika siku hizi kwa sababu hukumu za ubatili Marekani zimeshuka. Kufikia mwaka 2014 zilikuwa chini ya 25,000. Talaka nazo zimepungua. Lakini mwaka 1970 Kanisa la Marekani lilifungisha ndoa zaidi ya 426,000, na mwaka 2019 hazikufika 140,000, ingawa Wakatoliki wenyewe walikuwa wameongezeka. Vijana hawaachani kwa sababu hawaoani. Waliokulia kati ya nyumba mbili, wakibeba begi kila Ijumaa, wamejifunza kwamba kiapo ni kitu ambacho mahakama haikitetei na parokia haikiulizi, na wameamua kutokiapa. Jimbo la Louisiana lilijaribu mwaka 1997 kuanzisha ndoa ya agano, ambayo wanandoa huichagua wakijua ni ngumu zaidi kuivunja. Arizona na Arkansas zikafuata. Waliochagua njia hiyo Louisiana hawakuzidi asilimia 2 au hivi ya wanaooana. Si ajabu.

Baadhi ya waamini wa Marekani walioachwa wameanza kuandika barua kwa maaskofu wao wakiomba jambo dogo kuliko linavyosikika. Hawaombi serikali ibadilishwe. Wanaomba kanuni ya 1692 itumike: kabla mwenzao hajafungua shauri, au hata baada, askofu ateue mtu wa kusikiliza pande zote mbili na kuandika kama sababu ya kutengana ipo au haipo, na nani ana wajibu gani kwa nani. Karatasi hiyo haitamzuia jaji wa Los Angeles. Ingekuwa na kazi nyingine. Ingemwambia aliyeondoka kwamba Kanisa lake halihesabu kuondoka kwake kuwa jambo la siri kati yake na wakili. Ingemwambia aliyebaki, mbele ya parokia inayomkwepa macho, kile ambacho Katekisimu inakisema katika namba 2386: kwamba aliyeachwa bila hatia, akijitahidi kuwa mwaminifu kwa kiapo chake, hakuivunja amri. Na mahakama ya Kanisa itakapoketi miaka miwili baadaye kuchunguza ubatili, ingekuta kwenye faili ushahidi uliochukuliwa mapema, kabla kila upande haujapanga kumbukumbu zake upya ili ziendane na haja zake. Sioni sababu ya kichungaji ya kuwakatalia.

Sisi Tanzania tuna sababu ya kuufuatilia mjadala huu kwa karibu. Sheria yetu ya Ndoa ni ya mwaka 1971, ya kizazi kile kile na ya California, na msingi wake wa talaka pia ni kuvunjika kwa ndoa kusikoweza kurekebishwa. Hata hivyo inamtaka jaji atazame mwenendo wa pande zote, inataja uzinzi, ukatili na kutelekezwa miongoni mwa ushahidi, na inamwelekeza, isipokuwa kwa sababu maalumu, akatae ombi la mtu ambaye msingi wake wote ni kosa lake mwenyewe. Zaidi ya hapo, mbali na hali chache zilizotajwa, haimruhusu mtu kufika mahakamani kabla ya kupita baraza la usuluhishi wa ndoa, na inampa Waziri uwezo wa kuitambua kamati iliyoundwa na jumuiya, ya dini ikiwamo, kuwa baraza kwa ajili ya watu wake. Uingereza, ambayo mawakili wetu bado wanaisoma, imeshaachana na kuuliza kosa: tangu tarehe 6 Aprili 2022 tamko la mmoja wa wanandoa kwamba ndoa imevunjika ni uthibitisho tosha. Siku mapendekezo kama hayo yatakapofika Dodoma, yatakuja na hoja ile ile ya California ya 1969, kwamba kuuliza kunawaumiza watu na kuwafundisha kusema uongo.

Nafasi ambayo Wakatoliki wa Marekani wanaiandikia barua, sisi tumepewa na sheria ya nchi. Inatumiwa vipi? Palipo na baraza la ndoa la parokia, wanakaa watu waliofunga ndoa zamani, wanaojua bei ya unga na kelele za mashemeji. Wakimsikiliza mmoja tu, wakajaza fomu kwamba usuluhishi umeshindikana kwa sababu mwingine hakutokea kwenye wito wa kwanza, wamegeuka kisanduku cha California chenye muhuri wa parokia. Wakimfuata nyumbani yule ambaye hakutokea, wakamuuliza anataka nini, wakaandika kwenye taarifa yao ni nani aliyeondoka, kwa sababu gani, na aliyebaki yuko tayari kwa lipi, hakimu wa mahakama ya mwanzo atakuwa na kitu cha kusoma, na mwanamke anayepigwa atakuwa na shahidi wake wa kwanza.